Tairi la Kipimo

Kazini walimwita shemeji yangu Makalio, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila dereva mgeni aliyeletwa kwenye uwanja wetu wa majaribio alipewa somo lile lile, naye shemeji amesimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya paa: "Magurudumu ya mbele yanaongea na mikono. Ya nyuma yanaongea na makalio. Ukisubiri macho yakuambie, umeshachelewa." Basi likamganda. Nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kulitamka. Dada yangu, mkewe, ni mtu wa heshima zake, na siku mgeni mmoja wa kazini alipopiga simu akamwulizia Makalio, dada alimkatia simu, kisha akataka kujua mumewe anashinda na wahuni gani.

Mimi nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, na ndivyo tulivyoitana hadi kazini. Ndiye aliyeniombea kazi ya kufunga matairi pale uwanjani baada ya mimi kumwaga unga gereji nyingine kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo wenyewe bado ninao. Namwambia msomaji mapema ili asije kusema nimemvunjia mtu adabu.

Watu wengi hawajui kama kazi ya namna hii ipo. Wanadhani tairi likitoka kwenye kalibu kiwandani linapakiwa kwenye lori, linapelekwa dukani, yamekwisha. Kumbe katikati hapo kuna mtu ambaye kazi yake ni kulinyanyasa. Analipeleka kwenye kona kavu, analipeleka kwenye kona iliyomwagiwa maji, anakata usukani ghafla kama aliyeona mtoto barabarani, anaondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona aone gari litafanya nini. Mashine zipo, zimejaa nyaya mpaka kwenye bampa, na zinapima kila kinachopimika. Lakini mhandisi wetu, bwana mmoja mpole ambaye miwani yake imefungwa kamba shingoni, alikuwa akisema kwamba mashine inajua gari limeyumba kiasi gani, ila haijui kama aliye ndani ameogopa. Hilo aliulizwa shemeji.

Na shemeji alijua kulijibu. Alishuka garini, akajinyoosha mgongo, sote tukamzunguka kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. "Hili," alisema siku moja, "linasikia kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa chooni." La pili akasema ni mkwe mpya, linakubali kila unaloliambia mpaka siku utakapolikosea. Mhandisi alicheka mpaka miwani ikamvuka, kisha akauliza maswali yake ya kihandisi, kona ipi, mwendo gani, usukani ulikuwa umekatwa kiasi gani, na shemeji akayajibu yote bila kubabaika. Mzaha wake ulikuwa na vipimo ndani yake. Ndiyo maana walimpenda.

Sharti kubwa la kazi ile ni kwamba dereva hajui amefungiwa tairi gani. Maandishi ya ubavuni yanasuguliwa yanafutika, magurudumu yanafunikwa turubai mpaka yawe chini ya gari, na dereva anakaa chumba cha chai mpaka aitwe. Aliyefunga ndiye anayejua, na aliyefunga ni mimi. Halafu katikati ya matairi mapya, bila kumwambia, narudisha lile moja la aina ya zamani ambalo kila mtu pale anaijua tabia yake. Tunaliita tairi la kipimo. Hilo halipimwi. Hilo ndilo linalompima dereva. Akilisifu asubuhi na kulikandia mchana, basi kilichobadilika si tairi.

Kwa miaka mingi tangu nianze kufunga matairi, shemeji hakuwahi kudanganywa na tairi la kipimo. Nililificha mwanzo, nikalificha mwisho, nikalirudia mara mbili mfululizo, nikajifanya napiga mluzi nisionekane na hila. Alitoka uwanjani, akapita mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Msalimie mzee," yaani ameshalitambua. Nilikuwa nakasirika kweli. Nilitamani mara moja tu nimshinde.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa gari la mikate. Siku walipotafuta madereva wa majaribio, kama alivyotusimulia mara nyingi kuliko tulivyohitaji, waliwapanga walioomba kazi kwenye foleni, kila mmoja akapewa gari lile lile azungushe, arudi, apumzike, azungushe tena, aseme kimebadilika nini. Mmoja akasema injini. Mwingine akasema breki. Mwingine, msomi wa mambo ya magari, akasema mengi sana. Shemeji alishuka na kusema, "Nyuma kushoto, upepo umepungua." Wakamwuliza amejuaje. Akasema, "Mikate ingekuwa imeanza kulalia upande ule." Hadithi hiyo dada aliisikia mpaka akawa anaimalizia yeye, akiwa kwenye sinki amempa mgongo, na mikono yake imejaa povu.

Siku yangu ya kwanza kazini aliniketisha juu ya rundo la matairi yaliyokwisha, akavuta jingine akakaa mbele yangu. Nilidhani ananipa maelekezo ya jeki.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye utakayekuwa unanificha matairi. Kwa hiyo siku nikiharibika, wewe ndiye utakayejua wa kwanza."

"Wewe uharibike? Labda huo mdomo."

"Nisikilize. Siku hiyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie wewe mwenyewe, hapa hapa. Nisije nikaambiwa ofisini."

"Haya, nimekubali."

"Hapana. Sema unaahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na njaa na nilitaka aniachie nikale. Sikujua kama niliyemwahidi alikuwa anaongea kwa dhati kuliko siku yoyote niliyowahi kumsikia.

Kisukari kilimwingia baadaye, taratibu. Alikichukulia kama jamaa wa mbali aliyekuja kukaa kwa muda: alikipisha, alikipa dawa zake, lakini hakubadilisha ratiba kwa ajili yake. Dada ndiye aliyehangaika. Alimpimia chakula, akamficha sukari, akamkuta anakunywa soda nyuma ya nyumba na kumsomea mpaka majirani wakafunga madirisha. Shemeji alikubali kila kosa, akaomba radhi, kesho yake akarudia. Tulicheka. Kwa kweli tulicheka sana katika nyumba ile.

Mara ya kwanza niliyoshindwa kucheka ilikuwa Jumapili. Nilikuwa sebuleni kwao, shemeji akatoka jikoni na sahani ya matunda, akapita kwenye korido, akaja akakaa. Dada akamfuata nyuma akiwa ameshika ndala moja.

"Mzee, mguu mmoja umeusahau jikoni."

Nikaanza kucheka. Shemeji naye akatabasamu, akaangalia chini. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau: alikuwa anaitafuta. Aliangalia mguu wa kulia, ndala ipo. Akaangalia wa kushoto. Uko peku. Alikuwa ametembea juu ya vigae vile vya baridi mguu mtupu na hajui. Dada akainama akamvisha, na alipoinuka macho yetu yakakutana.

Baada ya siku hiyo nikaanza kuona. Vifungo vya shati vilimchukua muda, akawa anavifunga huku anaviangalia. Karanga mbichi alizopenda kumenya kwa vidole wakati wa chai aliziacha. Na viatu vyake vya kazi, vile vya soli nyembamba alivyovishona na kuvishona tena ili aisikie pedali, alivibana kamba mpaka nikamwambia atakata damu. Akaniambia nishughulike na jeki.

Kisha likaja lile tairi jipya. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya magari ya kawaida ya familia, na mvua ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tukafungulia maji uwanjani, shemeji akaliendesha, na dereva wetu mwingine akaliendesha. Huyu wa pili alikuwa binti ambaye maneno yake ni ya kuhesabu, kwa hiyo tulimwita Kimya. Shemeji ndiye aliyemfundisha.

Kimya alishuka, akavua kofia, akasema, "Nyuma linatupa mkia. Haliagi."

"Haliagi kivipi?" mhandisi akauliza.

"Linaondoka tu."

Shemeji akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. Akasema ni kweli linatupa mkia, lakini linaaga. Kwanza unasikia wepesi fulani kwenye kiti, kisha usukani unalegea kidogo, ndipo linaondoka, na mtu wa kawaida anao muda wa kutosha kulirudisha. Alilieleza vizuri mno. Ukimsikiliza ulikuwa unalisikia tairi lenyewe. Mhandisi akamtazama Kimya, akamtazama shemeji, akasema basi, Makalio amesema, wiki ijayo tunalipitisha.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kona ile na mwavuli wangu. Miaka yote, ukimtazama shemeji kwenye maji, mikono yake ilikuwa inaanza kurudisha usukani kabla sisi wa nje hatujaona kitu. Ungedhani gari na yeye wamepanga. Safari hii mkia ulitoka, nikauona mimi, na baada ya hapo ndipo mikono yake ikaja. Alikuwa anaendesha kwa macho.

Na kulikuwa na jambo jingine. Katika majaribio ya wiki zile, tairi la kipimo lilianza kumpita. Hakusema tena "Msalimie mzee." Alama alizolipa zilipanda na kushuka, na mhandisi, kwa kuwa alimpenda, alisingizia maji, akasingizia joto, siku moja akasingizia hata mafuta ya gari.

Nikaenda kwa dada. Nilimkuta anakunja nguo kitandani, nikamwambia ninachofikiri, kwamba mikono ya mzee imekufa ganzi na anaficha. Hakushtuka. Aliendelea kukunja.

"Nilijua tangu aache karanga," akasema.

"Dada, wanataka kupitisha tairi kwa neno lake."

"Mwache amalize mwaka. Akikaa nyumba hii kutwa nzima ananiangalia, atakufa."

"Na watu watakaolifunga? Wana watoto kiti cha nyuma."

Akaliweka shati la mumewe juu ya mengine, akalilainisha kola kwa kiganja. "Watu hao siwajui," akasema. "Huyu namjua."

Nilipandwa na hasira. Nikatoka bila kuaga, nikatembea mpaka kwangu, na njiani hasira ikaisha ikabaki huzuni tupu, maana hakuwa ameniambia uongo wowote. Nilikuwa namjua pia.

Asubuhi yake nilimfuata mhandisi kabla wengine hawajafika. Nikamwambia nataka shemeji arudie lile jaribio, tumalize ubishi, na nikamwambia nitafunga nini. Aliishusha miwani, akaipangusa, akaipangusa tena. "Fanya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akisubiri mwingine aseme kwanza.

Tulikuwa na seti kadhaa za tairi la kipimo, zilizotoka kwenye kalibu moja, zilizokaa stoo moja, zote mpya, zote sawa. Nikachukua tatu. Nikapima upepo wa kila gurudumu mpaka mshale ukasimama mahali pamoja. Nikafunika turubai. Shemeji akaambiwa yapo matairi matatu, aseme kila moja lina tabia gani, na Kimya akasimama kwenye kibanda na redio bila kuambiwa kitu.

Mzunguko wa kwanza alirudi amechangamka. "Hili la kipimo. Huyu namjua, tumezeeka pamoja." Nikafurahi kama mjinga. Kwa muda nikafikiri nimemsingizia, nikafikiri nitaenda kumwomba dada radhi na kununua soda ya kuficha nyuma ya nyumba.

Nikabadilisha. Seti ya pili. Akazunguka, maji yakiruka pande zote mbili, akarudi. "Ahaa. Hili ni jingine kabisa. Mbele limechangamka, linaingia kona kama lina haraka ya kwenda mahali. Mimi ningelipunguzia. Mtu akitoka kazini amechoka, hataki tairi lenye maneno mengi."

Mhandisi alikuwa anasikiliza huku anaangalia chini. Nilipopiga jeki kwa seti ya tatu nati zilinidondoka, nikaziokota majini, nikazifuta moja moja kwenye suruali. Sikutaka kumaliza. Lakini nati zina mwisho wake, na nilizikaza zote.

Seti ya tatu aliizungusha muda mrefu kuliko zote. Aliporudi hakushuka mara moja. Alikaa na mikono juu ya usukani, kisha akafungua mlango akasema kwa furaha ya kweli, "Nimelipata! Hili ndilo alilolisema Kimya. Sasa nimeelewa kwa nini alibisha. Nyuma kuna wepesi, umejificha, kama mtu anayesogeza kiti polepole ili asikusumbue. Lakini linaaga, binti yangu. Ukitulia utalisikia. Linaaga."

Kimya alikuwa amekuja karibu. Alinitazama usoni, na kwa kuwa ni mtu wa kutazama zaidi ya kusema, nadhani alielewa hapo hapo. Akageukia upande wa maji.

"Haya shemeji," akasema Makalio, akipangusa mikono, "toa siri. Lipi lilikuwa lipi?"

Ndivyo tulivyomaliza kila jaribio. Yeye anauliza, mimi nataja, yeye anajisifu. Nikamshika mkono, nikamvuta pembeni mpaka kwenye rundo la matairi yaliyokwisha, nikamketisha, nikavuta jingine nikakaa mbele yake. Alipoona nimekaa vile, uso wake ukabadilika. Alikumbuka.

"Yote ni la kipimo, shemeji."

Akacheka kidogo. "Yote?"

"Yote. Seti tatu za kalibu moja."

"Upepo?"

"Sawasawa. Nimepima mwenyewe."

Akaangalia viganja vyake. Akavifungua, akavifumba, akavifungua. Maji ya uwanjani yalikuwa bado yanamwagika, hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

"Lakini nilisikia," akasema.

"Najua."

"Hujui. Unadhani nilikuwa natunga. Sikutunga, shemeji. Nilisikia kweli. Ule wepesi wa nyuma, niliusikia."

Nilikuwa nimejiandaa kumwona amefumaniwa akificha, na kumbe hakuwa anaficha tena. Mikono ilinyamaza siku nyingi zilizopita, na kichwa chake, kwa miaka yote ile ya kusikiliza, kikaendelea kumsimulia. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikalia mbele yake, mtu mzima na ovaroli yangu, na yeye ndiye aliyenipigapiga goti akiniambia nijikaze.

Kisha akainuka. Akamwendea Kimya. "Binti, lile tairi haliagi?"

"Haliagi, mzee."

"Basi haliagi." Akamgeukia mhandisi. "Andika alichosema yeye. La kwangu lifute." Akachukua ufunguo wa gari kutoka kwenye kitanzi cha suruali alikozoea kuuning'iniza, na vidole vikahangaika nao, ukakataa kutoka, na sisi watu watatu tukasimama tukimtazama kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hatimaye ukatoka. Akamkabidhi Kimya mkononi na kumkunjia vidole juu yake.

Tairi lile lilirudishwa likatengenezwa upya. Yeye hakurudi. Viatu vyake vya soli nyembamba nilivikuta kwenye kabati, nikavipeleka kwao nimevifunga kwenye gazeti. Dada alivipokea mlangoni, akaufunga mlango. Alininunia muda mrefu. Nikienda, ananikaribisha kiti, ananiletea maji, hasemi nami neno. Shemeji akimwambia, "Mwache, alitimiza ahadi," dada anajibu kwamba ahadi za wanaume hazijawahi kumkunjia nguo.

Kutwa nzima shemeji alikaa dirishani. Alikuwa anayahukumu magari yaliyopita barabarani kwa sauti, hili limelegea mbele, lile limefungwa matairi yasiyofanana, na mwanzoni tuliona heri anazungumza. Kisha akapunguza. Kisha akawa anatazama tu. Kidonda kidogo kikatokea kidoleni mguu wa kushoto, hakukisikia, na tulipokijua hakikuwa kidogo tena. Dada alisema kweli alipokunja lile shati: mtu yule alikuwa anamalizikia mikononi mwake. Dada alikuja mwenyewe kwangu asubuhi moja, akasimama mlangoni, akaniambia, "Njoo utuendeshe hospitali. Mimi siwezi kumwangalia na barabara pia." Hapo ndipo tulipoanza tena kuongea, na hatukuwahi kulitaja lile.

Nikawa nawapeleka kila anapohitajika kliniki. Yeye mbele kando yangu, mguu umefungwa bandeji umenyooshwa, dada nyuma na mfuko wa dawa. Gari lilikuwa langu, kuukuu, lakini matairi yake nilikuwa nayakagua kila asubuhi kabla ya kuwachukua. Upepo naupima kwa kipimo cha kazini. Si jambo la kusifiwa, ni mazoea ya mikono.

Safari moja, ambayo baadaye ilikuja kuwa ya mwisho yeye kukaa kiti kile, tulikuwa tumeingia barabara ya hospitali, ile yenye kona ndefu kando ya ukuta wa matofali. Tulipoimaliza kona shemeji akageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa.

"Shemeji."

"Naam."

"Nyuma kushoto. Upepo umepungua."

Kwenye kioo nilimwona dada ameinua uso. Ile hadithi ya gari la mikate aliijua kuliko mimi.

Nikasimamisha gari pembeni. Nikashuka, nikazunguka, nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nikafungua kofia ya vali, nikaweka kipimo. Mshale ulisimama pale pale ulipokuwa asubuhi. Nikapima tena, maana nilitaka sana, Mungu anajua nilivyotaka, uwe umeshuka hata kidogo. Haukushuka. Nikakaa pale chini nimeshika tairi zima, nimejiinamia, nikamkumbuka aliyeniketisha juu ya rundo siku yangu ya kwanza na akakataa kuniachia nikale mpaka niseme naahidi.

Nikafungua buti. Nikatoa pampu ya mguu, nikaiweka chini karibu na gurudumu, sikuiunganisha popote, nikaikanyaga. Ikapiga kelele yake. Nikaikanyaga tena na tena, kwa muda ambao mtu angehitaji, kisha nikaifunga, nikarudi, nikakaa kwenye usukani.

"Ulikuwa umepungua?" akauliza.

"Ulikuwa umepungua, shemeji. Tungeharibu rimu."

Nikaondoka taratibu. Mbele kulikuwa na kona nyingine, nikaiingia kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Alifumba macho. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na mgongo ameuegemeza kitini kama alivyokuwa akifanya zamani anapolisikiliza gari. Dada akapitisha mkono kutoka nyuma, akaushika mmoja wa ile mikono, akaukaza, na yeye hakugeuka, kwa sababu hakuhisi.

"Umeona?" akasema, bado amefumba macho. "Sasa limekaa sawa."